Wale wa Nusu Dozi

Gikondo, Kigali
11 Februari 2024

Shangazi Harriet,

Nakusalimu wewe, nasalimu ng'ombe, nasalimu na huo mguu wako wa kushoto unaojifanya mzee kuliko mwenyewe. Sisi tupo. Kenny ameota meno mawili ya chini na sasa kunyonya kwake ni vita, ananing'ata halafu ananitazama usoni aone nitafanya nini. Baba yake, Gatera, bado yuko Juba na lile lori. Mtandao ukimkubali anapiga Jumapili, anamuulizia mtoto, anaanza kuniuliza mimi, simu inakatika.

Utasema kwa nini niandike wakati simu ipo. Shangazi, ile simu yako ni ya kijiji kizima. Nikipiga pale dukani wanaweka sauti kubwa, nasikia mpaka mbuzi, na wewe unajibu "mzima, mzima" kabla sijauliza. Sasa Xavérine, yule anayevuka mpaka wa Rusumo kufuata maharage huko Karagwe na kuyauza kwenye mikahawa ya Gisimenti, amekubali kubeba barua zetu. Kwenye karatasi hakuna wa kutusikiliza.

Nimepata kazi. Usicheke. Nahudumia panya.

Ni maabara, iko juu kule Rebero. Panya wenyewe ni weupe, wadogo kama dole gumba, wanakaa kwenye masanduku ya plastiki yaliyotandikwa maranda ya mbao. Wanachomwa sumu inayoua ile sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, basi wanapata kisukari kama chako. Ndipo Daktari Mugenzi, mkubwa wetu, anapoanza kuwajaribia dawa. Mimi nabadilisha maranda, naweka maji, nawashika mkia wakitolewa damu. Nilipomwambia kwamba shangazi yangu ana ugonjwa huo huo, Daktari alisema, "Basi unafanya kazi ya nyumbani kwenu."

Wamegawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza wanachomwa maji ya chumvi tu, disi, maskini, hao nawaonea huruma. La pili wanapata insulini kamili. La tatu wanapata insulini nusu dozi. Mimi nilijua hao wa nusu ndio watakaofuata kufa, kumbe ndio wanene kuliko wote, manyoya yanang'aa kama wamepakwa mafuta. Kuna na mambo mengine ya homoni, lakini ni marefu na Kenny ameamka.

Choma sindano zako. Uniandikie.

Mukunde wako


Karagwe
10 Machi 2024

Kwako Mukunde, binti wa kaka yangu,

Barua yako imenifikia ikinuka maharage. Nimeisoma mbele ya ng'ombe, maana uliwasalimu na wao, haki yao wasikie. Yule wa madoa amezaa dume. Mvua imekuja kwa hasira, imekula ukingo wa njia ya kanisani, tunapita kwa kushikana mikono.

Yaani mimi nimemaliza ujana wangu nafukuza panya kwenye ghala la mahindi, wewe nimekusomesha mpaka kidato cha nne wakakupa kazi ya kuwatandikia vitanda! Marehemu mume wangu angecheka mpaka akakohoa. Lakini nimefurahi. Kazi ni kazi, na umesema kwa sauti nzuri, nimesikia.

Mimi sijambo. Chupa yangu ya insulini iko ndani ya chungu cha mchanga mbichi, vile vile ulivyokiweka siku unaondoka. Mguu unaniuma ukitaka.

Nimepata jirani. Kile kibanda cha Mutsinzi, chini kwenye kahawa, amehamia mwanamke wa Kirundi, anaitwa Daphrose. Mume wake walikuja naye kufanya vibarua, kisha mume akasema anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na huko ndiko aliko mpaka leo. Ana mtoto wa rika la Kenny. Mwembamba kama ufito. Anapita hapa asubuhi, tunazungumza.

Sasa niambie vizuri, na usiandike kwa haraka. Hao panya wa nusu, bado wako hai? Wanachomwa mara ngapi kwa siku? Wanalala usiku?

Mbusu mtoto. Akikung'ata, mfinye pua.

Shangazi yako, Harriet


Gikondo, Kigali
21 Aprili 2024

Shangazi,

Nisamehe kuchelewa. Wiki ya kuomboleza waliouawa kwenye mauaji ya kimbari imepita hapa, mji ulikuwa kimya, na Xavérine hakusafiri. Na Kenny aliumwa kifua, tukalala kituo cha afya. Amepona. Gatera hakuja Pasaka. Alisema barabara imefungwa. Sikuuliza barabara gani.

Umeuliza wale wa nusu. Wako hai, Shangazi, wananona! Wanachomwa asubuhi na jioni kama wewe. Daktari Mugenzi aliwapima uzito mbele yetu akapiga makofi mwenyewe, halafu akaona haya, akavaa miwani yake ambayo tayari ilikuwa usoni.

Sijui kwa nini unawapenda hao. Mimi nawapenda wa maji ya chumvi. Nikifika nawasalimia wao kwanza. Nawasalimia kwa Kiswahili chetu cha huko, "Mmeamkaje nyie watu," maana hapa hakuna wa kuongea naye hivyo. Majirani wana heshima, hawana ubaya, lakini nikifungua mdomo wanasema, "Huyu wa Tanzania." Huko kwenu nilikuwa Mnyarwanda. Basi mwenye lugha yangu ni panya.

Unajua siku zangu zilivyo? Namwacha Kenny kwa Mama Niyonzima kabla hajafumbua macho yote mawili, napita kwenye magereji wanapogonga mabati, napanda basi, napanda kilima. Mchana maziwa yanajaa mpaka blauzi inalowa, najikamua kwenye choo cha maabara huku nikisikia wenzangu wanacheka kwenye chai. Jioni nanawa mikono mara tatu ili mtoto asinisikie harufu ya panya. Kisha nakaa. Hakuna anayeniuliza siku imekuwaje.

Silalamiki. Nakuambia tu wewe.

Mukunde


Karagwe
2 Juni 2024

Mukunde mwanangu,

Nimechelewa, usinikasirikie. Macho yameingiwa na ukungu siku hizi, naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, karatasi inaisha kabla ya neno.

Hapa kwema. Dume la yule wa madoa linakua. Nimepungua, magauni yananipwaya, kanisani wananiita msichana. Nimehamishia mtungi wa maji kando ya kitanda, nimechoka kupapasa ukuta kwenda jikoni kila mara. Daphrose amepata nguvu, disi, sasa anapalilia kutwa nzima na anaimba. Ungemwona alivyokuwa.

Usihuzunike kwa Gatera. Mwanamume wa njiani ni wa njiani. Kula ushibe, unanyonyesha.

Nakupenda.

Harriet


Gikondo, Kigali
9 Juni 2024

Shangazi,

Leo sisalimii. Xavérine anaondoka kesho na nataka barua hii iwe kwenye mkoba wake.

Mimi kazi yangu ni kubadilisha maranda. Sihitaji mashine kujua panya gani sukari yake imepanda. Naweka mkono ndani ya sanduku. Likiwa limelowa chapachapa na chupa ya maji imekauka, huyo anaumwa. Anakunywa, anakojoa, anakunywa, na huku anakonda. Barua yako nimeisoma kama ninavyoshika maranda. Mtungi kando ya kitanda. Magauni yanapwaya. Macho yana ukungu.

Unachoma kiasi gani? Niandikie namba. Usiniandikie "nachoma".

Na kuna jambo sikukueleza mwezi wa pili kwa sababu nilichoka na mtoto alikuwa analia. Wale wa nusu dozi hawaishi kwa nusu dozi. Kabla ya insulini Daktari anawachoma homoni mbili nyingine. Moja inatoka tumboni, wanaiita gastrini. Nyingine ni kichocheo cha ukuaji, kinazifanya chembe zizaliane. Kwa pamoja zinalisukuma kongosho liote tena, kama kisiki kinavyotoa machipukizi. Wakipata nusu kwenye sindano, nusu nyingine wanajitengenezea wenyewe. Ndilo jaribio lenyewe hilo. Nusu peke yake ingewaua.

Hayo yote niliyaita "mambo mengine". Nimekaa hapa nayaangalia hayo maneno mawili.

Nijibu.

Mukunde


Karagwe
30 Juni 2024

Mukunde,

Nimekuandikia ukurasa mzima wa uongo mzuri, una ng'ombe na kwaya ndani yake, nimeutia motoni. Hii ni ya pili.

Nachoma nusu. Nusu nyingine anachoma Daphrose. Kila mtu na bomba lake la sindano, usidhani nimerukwa na akili.

Alianguka pale kwenye bomba la maji mwezi wa pili mwishoni. Nilimfikia wa kwanza. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizopitiliza, nikajua, maana na mimi nilinuka hivyo mwaka ule nilipopelekwa hospitali mgongoni kwa baba yako. Tulimpeleka, wakamlaza, akatoka na chupa moja mkononi. Ya pili wakamwambia alete kitambulisho. Hana cha hapa. Karatasi zake za ukimbizi ni za huko Rwanda, alikaa huko kabla mume hajamvuta kuja kwenye kahawa.

Chupa yake ikaisha. Akaja kukaa mlangoni kwangu, mtoto mgongoni. Hakuomba. Angeomba, ningemfukuza labda. Alikaa tu, anaangalia njia. Na mimi ndani ilikuwa saa ya sindano yangu. Sasa niambie wewe uliyelelewa humu, ningefanyaje? Ningejifungia chumbani nichome, kama mtu anayekula nyama peke yake wageni wako sebuleni?

Nikamwita. Nikamwambia, "Njoo, ipo."

Akasema, "Mama, na wewe?"

Nikamwambia, "Mimi nina mtoto Kigali anafanya kazi na madaktari. Ameniandikia kwamba nusu inatosha." Nikamsomea barua yako. Ile ya panya wanene. Akaniomba nirudie pale penye manyoya yanang'aa, akacheka, akajishika nywele.

Ndivyo tulivyoanza. Wewe ndiye uliyeandika, Mukunde. Na mwezi wa tatu nikakuuliza tena kwa mkono wangu, mwezi wa nne ukajibu wananona. Sasa mwezi wa sita unaniambia kuna sindano nyingine. Sikulaumu. Nakwambia tu barua zako tulizitii.

Basi hiyo sindano ya pili ilete. Kidogo tu cha watu wawili. Panya wanapata, sisi tushindwe?

Harriet


Gikondo, Kigali
7 Julai 2024

Shangazi yangu,

Nimelia, nimemaliza. Sasa nisikilize, na usininunie kabla hujafika chini.

Hiyo sindano sitaileta. Si kwamba naogopa kufukuzwa kazi. Juma lililopita waliacha kuwapa panya wale homoni, wanataka kuona kama kongosho litaendelea lenyewe. Juzi nimeingiza mkono kwenye masanduku yao. Maranda yameanza kulowa. Daktari Mugenzi aliona uso wangu, akaniuliza, "Hata wewe umeona?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kwenye ndoo ya maranda, mtu mzima na koti lake jeupe. Akasema, "Tumepata kitu, Mukunde, ila hatujakipata chote." Hajui wataanza tena na kipimo gani, hajui itachukua miaka mingapi, na kama siku moja itafaa binadamu hajui pia. Kitu ambacho yeye hakijui, mimi siwezi kukutia wewe mwilini.

Na usigawe tena. Nasema hivi nikijua nasema nini. Nimemwona Daphrose bila kumwona, namwona kila nikimwangalia Kenny, maana na yeye ana wake mgongoni. Lakini nyinyi wawili hamuishi kwa nusu. Mnakufa polepole kwa kupeana zamu. Yeye ni kijana, nusu yako inamshikilia tu asianguke, haimponyi. Wewe inakula macho. Kitakachofuata ni huo mguu.

Fanya hivi. Nimekwenda kituo cha afya hapa Gikondo, nimemweleza nesi. Amesema karatasi zake za ukimbizi zikiwa za hapa, aje nazo mwenyewe, ataandikishwa na atapata insulini yake kwa jina lake. Basi aje. Atakaa kwangu. Nina chumba na sebule, sebule itamtosha na mtoto. Asafiri na Xavérine.

Njiani asikae bila sindano hata mara moja. Mpe chupa iliyopo aende nayo yote, aifunge kwenye kitambaa kibichi. Na wewe siku hiyo hiyo nenda hospitali, sema ukweli, upewe nyingine. Usione aibu. Ukiona aibu, sema ni mimi nilikudanganya kwa barua.

Mwonyeshe macho daktari wa huko, na mguu pia.

Najua utasema nina moyo mgumu. Wewe ndiye uliyenifundisha kutoa mwiba: unashika mguu wa mtoto, unamwacha alie, huachii mpaka utoke.

Mukunde


Karagwe
11 Agosti 2024

Mukunde mwanangu,

Aliyekushikisha karatasi hii ndiye Daphrose. Mwangalie vizuri, kisha mpe maji, kisha ndio usome.

Barua yako nilikaa nayo. Unaona tarehe. Ilifika mapema, Xavérine hana kosa. Niliiweka chini ya chungu na nikaendelea kugawa. Sikumwambia. Asubuhi anakuja, jioni anakuja, na mimi namwangalia nasema nitamwambia kesho, mahindi yakishavunwa. Mahindi yakavunwa.

Halafu Jumapili iliyopita nilijikwaa kwenye kizingiti changu mwenyewe mchana kweupe, sikukiona. Daphrose ndiye aliyeniinua. Nikamwambia hapo hapo chini, sijafuta vumbi, "Mukunde anasema uende Kigali. Na anasema tusigawane tena."

Alinifuta vumbi. Kisha akauliza, "Amesema lini?"

Nikasema, "Mwezi wa saba mwanzoni."

Akasema, "Mama! Umenificha?"

"Nimekuficha."

"Na macho yako haya? Unafikiri ningekubali kunywa macho ya mtu?" Akaanza kupiga kelele kwa Kirundi, sijapigiwa kelele hivyo tangu mume wangu yuko hai. Mtoto akalia, na ng'ombe wakanyanyua vichwa. Aliponyamaza akasema, "Ningeondoka siku ile ile. Ulikuwa unasubiri nini?"

Sikumjibu yeye. Nitakujibu wewe, kwa kuwa wewe uko mbali na huoni uso wangu.

Wewe ulipoondoka, nyumba hii ilibaki na mlango unaofunguliwa na mimi tu. Ninaufungua asubuhi kwenda kwa ng'ombe, ninaufunga jioni. Kanisani Jumapili, dukani nikiitwa kwenye simu yako, basi. Nilikuwa nachoma sindano yangu peke yangu, nakaa kitandani, naangalia ukuta. Daphrose alipokuja na ugonjwa wake, akawa hana budi kubisha hodi asubuhi, na jioni hana budi kubisha. Mvua ikinyesha anakuja, akiwa amechoka anakuja. Kwanza sindano, kisha chai, kisha ananiambia ndoto zake. Mtoto wake ananiita Nyogokuru, jina la bibi, na hakuna aliyemfundisha.

Angepata chupa yake mwenyewe, angekuja kwa ajili ya nini?

Umeandika nakufa polepole. Ilikuwa polepole nzuri, Mukunde. Nilijua nafanya nini kuanzia barua yako ya Juni. Kabla ya hapo nilikuwa mjinga, baada ya hapo sikuwa mjinga tena.

Sasa anaondoka. Chupa nimempa kama ulivyosema. Mimi kesho naenda hospitali, nimeshamwomba Mutsinzi anipeleke kwa pikipiki. Kuja kwako Kigali usiniambie tena. Nina ng'ombe na nina kaburi la kupalilia, na huko nitakuwa mgeni hata kwa panya.

Sindano zake ni asubuhi na jioni. Mtoto hapendi maharage. Daphrose mwenyewe anaimba akifanya kazi, usimnyamazishe.

Harriet


Gikondo, Kigali
25 Agosti 2024

Shangazi Harriet,

Amefika. Nilikuwa nafua uani, nikasikia mtu anasema hodi kwa lafudhi ya kwenu, nikajua kabla sijageuka. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, lakini amesimama kwa miguu yake. Nikampa maji kama ulivyosema. Barua yako nikaisoma nimesimama, mikono ina povu.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya. Nesi alizigeuza zile karatasi mbele na nyuma, akauliza mbona amepotea muda mrefu. Daphrose akamjibu, "Nilikuwa kwa mama yangu." Ameandikishwa. Ana chupa yake, ina jina lake. Nesi anasema sukari yake itachukua muda kutulia, amekaa juu sana kwa miezi, ila yuko upande wa kupona. Amepata na kibarua cha kuosha vyombo Gisimenti kwa mteja wa Xavérine. Mama Niyonzima anawashika watoto wote wawili, anasema wanapigana kama mawakili.

Nesi nilimwomba anieleze na habari yako. Anasema ukirudi kwenye dozi kamili, huo ukungu wa macho huenda ukapungua, si wote labda. Anasema usiache kurudi kwa daktari. Sijakuongezea wala sijakupunguzia, hayo ndiyo aliyosema.

Kazini, panya wa lile jaribio wamemalizwa wote, mafungu yote matatu, ili makongosho yao yatazamwe kwa darubini. Mimi ndiye niliyewabeba mpaka chumba cha mwisho. Wameleta wengine, wataanza upya. Bado siwafahamu.

Sasa hili. Nimeliandika mara nyingi kichwani nikipanda kile kilima.

Nilidhani nakuandikia kuhusu dawa, na wewe ulikuwa unaniandikia kuhusu mlango. Kila barua. "Anapita hapa asubuhi, tunazungumza." Nilipita juu ya hayo maneno kutafuta mtungi na magauni. Mimi nikakuambia hakuna anayeniuliza siku imekuwaje, na mimi pia sikukuuliza.

Jioni hapa kwangu sasa kuna mtu. Nikirudi nakuta taa inawaka. Daphrose ananiambia, "Haya, leta habari za watoto wako weupe," nami namwambia. Anachoma sindano yake mezani, mimi nanyonyesha, tunakunywa chai. Anaimba. Majirani wanatuita wale wa Tanzania, sasa tuko wawili. Sijawahi kuwa hivi tangu nifike mji huu.

Na najua hali hii ilikotoka. Nimekunyang'anya, Shangazi. Nilifanya lililo sawa na ningelifanya tena kesho asubuhi, lakini nilichukua mtu wako nikamweka kwenye nyumba yangu, na wewe umebaki na chupa nzima. Sitakuambia ni kwa faida yako, ingawa ni kwa faida yako. Likizo sina mpaka mwisho wa mwaka, na Gatera sijui atakuja lini. Sitaahidi kitu nisichokiweza. Daphrose anataka kurudi kukuona akishapata nguvu, lakini nimemkataza kusafiri kwa sasa. Amenikasirikia. Mwache akasirike.

Kwa hiyo najua asubuhi zako zilivyo. Najua hakuna anayebisha. Najua chai inachemka ya mtu mmoja na unaweza kukaa kitandani ukasema, leo nitachoma baadaye, au nitachoma kidogo, nani atajua.

Amka. Vuta dozi yote, mpaka kwenye mstari. Choma, hata kama hakuna anayekutazama.

Mukunde